Wa Mwisho Kwenye Orodha

Makambako
9 Februari 2025

Dada Dorosela,

Kamwene. Ni Romanus, fundi wa ile mashine ya majibu, yule uliyekuwa unamwita Bwana Flashi. Simu yako haipatikani tangu Desemba, kwa hiyo karatasi hii nimempa konda wa Coaster ya asubuhi aiache dukani kwa kaka yako Fidelis hapo Yakobi. Nimemdanganya ni risiti za mbolea. Ukikuta bahasha imefunguliwa, basi ujue makonda wetu ni wale wale.

Huku hatujambo. Mvua imezidi, malori yanakwama mpaka karibu na reli. Nasikia siku hizi unapalilia viazi vya watu. Nasikia pia kikao cha mwisho cha leseni yako kimepangwa mwezi ujao.

Nilitaka kusema hivi. Jambo la marehemu Nahumu Sanga usilibebe lote wewe. Mashine nazo zina mambo yake, pengine siku ile haikuwa sawa sawa. Sisemi kwa uhakika. Ila ningekuwa wewe nisingesaini chochote kwanza.

Ukiweza nijibu, hata mistari miwili.

Ni mimi,
Romanus Mgaya


Yakobi
13 Februari 2025

Kaka Romanus,

Kamwene. Bahasha imefika haijafunguliwa. Risiti za mbolea nani azitake?

Asante kwa kunikumbuka, wenzetu wengi wameshanifuta. Lakini usije na maneno ya kunipoza. Nimechoka kupozwa kuliko nilivyochoka na jembe.

Tuseme mambo kama yalivyo. Makohozi ya Nahumu nilipima mimi hapa Njombe, tarehe 18 Aprili mwaka jana. Kitabuni nimeandika chanya, ana TB. Nikaingiza majibu ya siku ile kwenye kompyuta, yakafungwa na programu yako, flash ikapanda basi kama kawaida. Huko Makambako mashine ikafungua, ikachapa karatasi: hasi. Wakamwambia ni vumbi la mbao tu, akarudi kupasua magogo. Mwezi wa nane wakamleta kwa machela, hakumaliza wiki.

Kwenye kikao walisoma barua yako. Naikumbuka kwa kichwa: "Kilichofungwa kwa muhuri huu hakiwezi kubadilika njiani." Sasa kama hakibadiliki, kilichochapwa ndicho nilichoingiza mimi. Kitabuni chanya, kwenye kompyuta hasi, na mkono ni mmoja. Mwanzoni nilibisha, unakumbuka nilivyowapigia kelele. Halafu nikaanza kujiuliza. Wiki ile nilikuwa nauguza mama, nilikuwa nasinzia nimesimama. Mtu aliyechoka vile anaweza kubonyeza chochote. Leo ukiniuliza niliandika nini, kaka, sijui. Naona vidole vyangu tu.

Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda Makete kwa mjane wake, Yudita. Nikapiga magoti jikoni kwake, nikamwambia ni mkono wangu. Aliacha uji ukaungua. Halafu akasema, "Inuka, nimekusamehe, sakafu ina baridi."

Kwa hiyo nimeshaandika barua ya kukiri na kurudisha leseni. Kikao ni Alhamisi tarehe 6 Machi, nitaipeleka siku hiyo yaishe. Wewe kaa na mashine yako. Mashine haina kosa.

Dorosela


Makambako
17 Februari 2025

Dada Dorosela,

Barua yako nimeisoma nikiwa stendi, nikashindwa kuondoka pale. Watu walidhani nasubiri mgeni.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya uoga. Nilitaka usisaini bila mimi kusema kwa nini. Sasa nasema.

Mkono wako hauna kosa. Kosa ni langu, na nilijua.

Nitaeleza taratibu, na usiposhika sehemu yoyote utakuwa uzembe wangu tena. Unajua kwa nini tuliacha bahasha za karatasi. Watu walikuwa wanazifungua kwa mvuke wa birika, majibu ya mtu yanafika sokoni kabla yake. Masista wa kituo chetu cha afya wakaniita, wakasema Romanus tafuta njia, mtandao unakatika kila siku lakini basi halikatiki. Mimi elimu yangu ni kidato cha nne na VETA ya umeme. Kutengeneza kufuli ya namna hiyo kwa akili yangu nisingethubutu. Nikasoma, nikakuta kompyuta zenyewe zinayo tayari, ndani kabisa, kwenye kile kiini kinachoendesha kila kitu. Wanakiita kerneli. Programu ya mtu mdogo kama mimi inaruhusiwa kubisha hodi huko: unafungua soketi, yaani kidirisha cha kuongea nayo, unataja aina ya kufuli, unakabidhi ufunguo, unataja urefu wa muhuri. Halafu unapeleka maneno kwa sehemu mbili. Jina na namba ya mgonjwa vinabaki wazi ili mtu wa mapokezi aone bahasha ni ya nani. Majibu yanafichwa. Muhuri unakamata vyote viwili pamoja, ukigusa herufi moja ya jina au ya majibu unakataa.

Wakati wa kufungua, kerneli inakagua muhuri kwanza. Ukiwa mzima inakumiminia majibu. Ukiwa na kasoro inasema "ujumbe mbaya" na haikupi kitu. Ni kama wewe unavyokataa kikopo cha makohozi kilichovuja: hupimi, unaandika "kiletwe kingine".

Hapo ndipo nilipoharibu. Programu yangu ilikuwa na beseni moja la kupokelea. Kerneli inamimina majibu ya mgonjwa, nachapa, inamimina ya anayefuata. Na baada ya kila mmimino kulikuwa na mstari mmoja wa kuuliza, je, umekubali au umekataa? Siku ya uzinduzi, wafadhili wamekaa, Sista mkuu amevaa miwani mipya, flash ya kwanza ikafika na mgonjwa mmoja akakataliwa. Mashine ikasimama. Ujumbe mbaya. Wageni wakaanza kutazamana. Sista akaniuliza kwa sauti ya chini, "Romanus, ndiyo nini hii?" Nikasema dakika moja tu. Nikaenda kwenye ule mstari, nikauwekea alama ili kompyuta iuruke. Karatasi zikatoka zote. Wakapiga makofi. Nikala pilau, dada, nikaongeza.

Nilisema nitaurudisha jioni. Sikuurudisha. Si kusahau. Kila nilipotaka niliona vile mashine itakavyosimama tena, na simu zitakavyopigwa, na watu watakavyosema fundi wetu ni wa VETA tu. Na bila ule mstari hakuna aliyelalamika.

Sasa elewa maana yake. Kerneli ikikataa haimimini kitu, lakini beseni si tupu. Bado lina majibu ya mgonjwa aliyetangulia. Programu yangu haikuuliza, ikachota yale yale, ikachapa chini ya jina la anayefuata. Tarehe 18 Aprili Nahumu alikuwa wa mwisho kwenye orodha. Aliyemtangulia anaitwa Oliva, hakuwa na TB. Nahumu alichapiwa hasi ya Oliva.

Kwa nini muhuri wake ulikataa? Basi halisubiri. Konda anapiga honi, flash inachomolewa kabla haijamaliza kuandika, na anayekatika ni wa mwisho. Jina limeingia, majibu yamebaki nusu. Sikutupii wewe hilo. Muhuri upo kwa ajili ya mambo kama hayo hayo.

Siku ya kikao cha Oktoba, waliposoma kwamba alikuwa wa mwisho kwenye orodha, nilijua. Pale pale, nimekaa viti vitatu kutoka kwako. Mwenyekiti akaniuliza, "Fundi, mashine inaweza kubadilisha?" Nikasema haiwezi. Na ni kweli, haibadilishi. Nilijibu swali alilouliza, nikanyamaza na lile ambalo hakuuliza.

Miezi minne nimekaa nalo. Nimeungama kwa padri. Akaniambia kwake nimefika, kwako bado.

Romanus


Yakobi
24 Februari 2025

Romanus,

Nimeisoma mara nne. Ya kwanza sikuelewa, ya pili nilielewa, hizo nyingine nilikuwa natafuta mahali uliposema ni utani.

Viti vitatu. Nilikuwa nalia, na wewe ukanipa leso yako. Nikaifua, nikaipiga pasi, nikakurudishia kwa mtu wa basi. Ukaipokea!

Nilimpigia magoti mwanamke wa watu kwa dhambi yako. Mimi, mtu mzima. Nilifika mahali siamini vidole vyangu hata kuhesabu chenji dukani kwa Fidelis, namwambia hesabu wewe. Umenifanya nisijiamini mwenyewe, na ulikuwa unajua.

Na hilo la kuchomoa flash usilipake asali. "Sikutupii." Umeshatupa. Haya, nilichomoa, honi inalia na wewe ndiye uliyesema tusiachwe na basi. Na nilijua mashine itakataa ikiwa na shida, kwa sababu ulituambia hivyo kwenye semina, umesimama na chaki. "Ikiwa mbovu itakataa yenyewe." Nikakuamini kama ninavyoamini darubini.

Sasa nijibu mambo mawili tu, sitaki maneno ya padri. Moja, wa mwisho kwenye orodha ni wangapi? Maana Nahumu si peke yake, kila siku kuna wa mwisho. Mbili, barua hii umeniandikia mimi. Mimi ndiye kamati?

D.


Makambako
28 Februari 2025

Dada Dorosela,

Sina cha kujitetea, najibu uliyouliza.

Jumatatu hiyo hiyo barua yako ilipofika nilikwenda kwa Sista, nikamweleza. Akavua miwani akaifuta muda mrefu. Akaniambia zima mashine, toa mafaili yote, na usiondoke hapa mpaka ujue idadi. Akaniletea nakala ya kitabu chako kutoka faili la kamati. Flash zote za miaka miwili nilikuwa nimezitunza jinsi zilivyofika, zimefungwa. Nikarudisha ule mstari wa kuuliza, nikaanza kumpitisha mgonjwa mmoja mmoja. Siku tatu.

Jumla ni 1,923. Kerneli imekataa kumi na moja. Wote walikuwa wa mwisho kwenye orodha ya siku yao. Saba kati yao walichapiwa kitu kile kile ulichoandika kitabuni, bahati tu. Wanne hapana. Nahumu ni mmoja. Wawili wana TB na waliambiwa hawana. Mmoja, Emanuel wa huku Makambako, ni mzima kabisa na amekunywa dawa za TB miezi sita, macho yakawa manjano. Hao watatu wamepatikana. Wawili wameanza dawa jana. Mmoja wao ana mtoto mchanga, naye anapimwa.

Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba karatasi ya Nahumu haikuwa na neno lako hata moja. Kile ulichoingiza siku ile hakitajulikana. Kimebaki kipande, na kerneli haifungui kipande. Nimejaribu, nikajikuta natafuta tena njia ya kuilazimisha, nikaacha.

Lakini wale 1,912 waliofunguka nimewalinganisha na kitabu chako, mstari kwa mstari. Pamoja na wiki ile uliyokuwa unauguza mama. Hakuna hata mmoja aliyetofautiana. Hakuna, dada. Vidole vyako ukivihukumu, vihukumu kwa hiyo.

Barua ya kamati nimeipeleka kwa mkono wangu, nimesaini kila ukurasa. Nitakuwepo tarehe 6. Naomba na wewe uje, uisikie kwa masikio yako.

Romanus


(kwenye karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne)

2 Machi

Siji. Kile kiti nimeshakikalia mara mbili, wewe ukakikalie safari hii. Barua yangu ya kukiri nimeichana. Utaniandikia ilivyokuwa, na uandike yote, hata yale yasiyokupendeza.

D.


Njombe
6 Machi 2025

Dada Dorosela,

Naandika nikiwa kwenye mgahawa wa juu ya stendi, kabla sijaanza kujipunguzia makosa.

Walinipa dakika kumi, nikatumia saa nzima. Niliwaonyesha kwa kompyuta. Niliweka flash ya Aprili bila ule mstari, ikachapa hasi ya Oliva chini ya jina la Nahumu. Nikaweka ule mstari, ikasimama. Mama mmoja wa kamati akasema, "Kumbe ilikuwa inajua." Nikasema ndiyo, ilikuwa inajua, mimi ndiye niliyeiziba mdomo.

Unataka na yasiyonipendeza. Mwenyekiti alinitoa nje, tukasimama kwenye korido. Akasema mzee Mgaya, wewe una familia, kituo kina jina, huyu binti tutamrudishia leseni yake leo leo. Tuandike hitilafu ya mtambo, yaishe, hakuna anayeumia. Nakwambia ukweli, mdomo wangu ulifunguka kusema sawa. Nilikuwa nimechoka, na ilikuwa inakutosha na wewe. Nusu ya kichwa changu ilisema Dorosela mwenyewe angekubali.

Halafu nikamuuliza, "Wale wengine kumi na wao wataambiwa hitilafu?" Akasema wataambiwa mashine iliharibika. Nikasema mashine haikuharibika hata siku moja. Tukarudi ndani nikayasema hayo mbele ya wote, pamoja na ya korido. Hakufurahi.

Imeandikwa hivi: jina lako limesafishwa, leseni inarudi, barua utapata wiki ijayo. Mimi mkataba umekwisha leo, na faili langu linakwenda polisi. Mke wangu Idda nilimweleza jana. Alisema, "Angalau sasa najua kwa nini ulikuwa huli." Kisha akaondoka kwenda kwa dada yake huko Uwemba. Hakusema atarudi lini.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi hii. Nilitaka kuuomba, nikaona utakuwa mzigo mwingine wa kukupa.

Romanus


Yakobi
15 Machi 2025

Kaka Romanus,

Barua ya leseni imefika. Mistari miwili na muhuri wa bluu, pole hakuna. Jumatatu narudi maabara. Fidelis amechinja kuku, mimi nimekula kidogo nikaenda kulala.

Ya korido nimeyasoma. Ulijiuliza kama ningekubali. Ningekubali. Januari ningekubali mbio. Ndiyo maana nashukuru hukuniuliza.

Sasa sikiliza. Juzi nilikwenda Makete tena kwa Yudita, maana niliona aibu abaki na uongo wangu jikoni kwake. Nikamweleza yote, beseni, mstari, pilau. Yeye shule aliishia darasa la nne lakini alielewa haraka kuliko kamati. Akauliza, "Kwa hiyo lile dude lilikataa, akaliambia sema tu?" Nikasema ndiyo, mama.

Akakaa. Nikadhani atanifukuza. Akasema, "Wewe nilikusamehe, na kosa halikuwa lako. Ule msamaha nilihangaika nao miezi mitatu ndipo ukakubali kukaa. Sasa nautoaje kwako nimpe huyo? Si kitenge."

Nikamwambia una nia ya kumwandikia. Nilisema hivyo kukusaidia, sijui kama ni kweli. Akatikisa kichwa. "Karatasi zilishaniletea msiba mmoja. Mwambie aje mwenyewe. Na asije na sukari wala sabuni. Aje akae, aseme, na mimi nimtazame. Nikishindwa kumsamehe nitamwambia nimeshindwa, arudi na kosa lake kwao."

Nimemwahidi utakuja. Nimeahidi bila kukuuliza, na sioni haya.

Jumamosi ijayo, tarehe 22, gari la Makete linatoka Njombe saa mbili asubuhi. Nitakuwa stendi. Vaa koti, kule baridi haina mchezo. Njiani usinieleze chochote, nimeshaelezwa vya kutosha. Nyumba iko juu ya mteremko, nitakuonyesha kwa kidole kutoka barabarani, halafu nitakaa kwenye magogo ya Nahumu yaliyobaki hapo nje, nikusubiri.

Utapanda peke yako.

Dorosela